Uchambuzi wa kisa: DX ya zamani, enjini ya 20V na foleni ya Likoni

Mwenye gari ameniruhusu nielezee, ila jina lake, namba ya gari, gereji na mtaa havimo humu. Nitamwita mwenye gari, na mafundi watakuwa fundi wa kwanza na fundi wa pili. Mimi niliitwa kisa kikiwa katikati, gari ishachemsha, niangalie waya na mfumo wa mafuta, kwa hiyo habari za mwanzo nimezipata kwake yeye na kwa yale niliyoyakuta chini ya boneti, na boneti haidanganyi.

Gari na mwenyewe

Gari ni Toyota Corolla KE70, ile sote tunaita DX. Toyota walianza kuitoa 1979, na Kenya ukitaja DX hakuna anayekuuliza unamaanisha gari gani. Hii yake ni saluni ya miaka ya mwanzo ya 80, enjini ya asili 4K, cc 1290, kabureta moja, gari ya kwenda kazini na kurudi basi. Kinachowatoa vijana udenda si hiyo 4K. Ni kwamba DX ni nyepesi, inasukuma kwa tairi za nyuma, na kwa chini ni ndugu wa damu wa AE86, ile Corolla ya michezo iliyotoka 1983, vitu vingi vya AE86 vinaingia humo bila vita. AE86 yenyewe huwezi kuiagiza, manake Kenya gari ikishapita miaka 8 hairuhusiwi kuingia, kwa hiyo anayeitaka ile raha anarudi kwa DX aliyoiacha mzee fulani uani.

Mwenye gari anaishi ng'ambo ya Likoni, pale panapovukwa kwa feri, na kazi iko kisiwani Mombasa. Hiki kitu kiwekeni akilini, ndo kitakachorudi kila mahali. Asubuhi foleni ya feri, jioni foleni ya feri, gari inaunguruma pale pale, jua la Mombasa linapiga boneti. Barabara ya Dongo Kundu, inayokwepa feri, imefunguliwa ndio, lakini kwake yeye ni mzunguko wa kuchoma mafuta bure.

Aliinunua ikiwa safi kwa macho, rangi imetulia, viti vya asili. Alipoinua zulia upande wa dereva akaona lami kupitia tundu la kutu, hewa ya chumvi ishafanya kazi yake. 4K nayo ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa buluu kila akishusha mteremko wa kuingia feri.

Machaguo yaliyokuwepo

Angeweza kuifungua 4K akaiweka pistoni na ringi mpya. Angeweza kuweka 5K ya Liteace, ukoo ule ule wa K, inakaa pale pale karibu bila kukata kitu. Angeweza kuchukua 5A-FE au 4A-FE, zile za Corolla 100 na 110, ambazo spea zake unapata hata kwa duka la pembeni saa mbili usiku. Au 4A-GE ya vali 20 (20V), ile Blacktop ya 1995 iliyokuwa kwenye Levin na Trueno za AE111: cc 1587, trotoli nne (milango ya kuingizia hewa), kila silinda na yake, na farasi 165 ambazo Toyota walizitangaza zikiwa kwenye mizunguko 7,800 kwa dakika.

Akachagua ya mwisho. Sababu zake hakuzificha: ameitamani toka anasoma sekondari, na ilikuwa imepatikana moja mjini kwa bei ya kuvutia. Fundi wa kwanza naye, mzee wa siku nyingi kwenye hizi gari, alimpa moyo. "Kijana wangu, hii enjini na hii gari ni mtu na nduguye, utaniombea dua." Kwa upande wa chuma mzee hakukosea, enjini za ukoo wa A, yaani hizo 4A na 5A, zinaingia kwenye DX, na giaboksi ya T50 yenye kengele (kile kifuniko kinachoiunga na enjini) ya AE86 inazipokea vizuri. Lile swali jengine, enjini ya mizunguko 7,800 inafanya nini ndani ya foleni ya Likoni, halikuulizwa na yeyote.

Kununua enjini

Hapa ndo pesa ilianza kuvuja. Aliuziwa enjini peke yake, imekaa juu ya tairi, waya zimekatwa kwa kisu karibu na soketi, hakuna kompyuta ya kuiendesha. Muuzaji akamwambia kompyuta itapatikana tu. Risiti ikaandikwa kwa mkono "enjini 1 Toyota", namba ya enjini haipo.

Kompyuta ikapatikana kweli baadaye, kwa mtu mwengine, ikiwa imeandikwa 20V. Lakini ilikuwa ya Silvertop, ile 20V ya kwanza ya 1991. Sasa Silvertop inapima hewa kwa kile kiboksi chenye mlango unaosukumwa na hewa, Blacktop haina kiboksi hicho, inasoma presha ya hewa kwa sensa. Ukizichanganya ni kama kumpa mtu rula apimie unga. Fundi wa kwanza alihangaika na soketi zisizoingiliana, akaanza kuunga waya kwa kubahatisha, na kuna viunganisho nilivikuta vimesokotwa kwa mkono na kuvikwa seloteepu ya ofisini, ile ya kufungia zawadi. Ilibidi baadaye inunuliwe kompyuta ya Blacktop pamoja na hanesi yake nzima, yaani waya zote za enjini.

Ukijumlisha enjini, kompyuta isiyofaa, kompyuta inayofaa na hanesi, ile "bei ya kuvutia" ilishapita bei ya kununua AE111 iliyogongwa nyuma ukaikata kipande chote cha mbele, ambacho kingekuja na kila soketi, kila sensa na kila klipu.

Kuipachika

Blacktop ilizaliwa kukaa kwa ubavu kwenye gari inayovuta kwa mbele. Ukiigeuza ikae urefu kwenye DX, upande wake wa giaboksi unaangalia ukuta wa kabini, na upande huo ndo kuna distributa, inayogawa umeme kwa plagi, na ndo maji yanatokea kwenye silinda hedi. Vyote viwili vinataka nafasi ambayo haipo. Distributa fundi wa kwanza aliitatua kwa nyundo na grainda, akabonyeza ukuta ndani kisha akaweka kiraka. Si mbaya, wengi hufanya hivyo, ila kiraka hakikupakwa kitu cha kuzuia kutu, na kwa pwani hiyo ni kazi ya msimu mmoja.

Maji aliyatengenezea bomba la chuma kutoka nyuma, likapita juu ya enjini hadi mbele kwenye rediata. Likapanda juu kuliko shingo ya rediata yenyewe. Hapo yeyote aliyewahi kutoa hewa kwenye gari anajua kinachofuata: hewa inapanda ikae sehemu ya juu kabisa, na sehemu ya juu kabisa ikawa hilo bomba, halina mfuniko wala skrubu ya kuitolea.

Rediata ilibaki ile ile ya 4K. Feni ya 4K huzungushwa na enjini yenyewe, Blacktop haina feni ya hivyo, kwa hiyo iliwekwa ya umeme, moja ndogo, ikaunganishwa na swichi ya dashibodi moja kwa moja bila rilei (swichi ya kubebea umeme mkubwa), kwa waya mwembamba wa taa. Dereva ndo thamostati: akikumbuka, anawasha.

Sampu ya AE86, yaani bakuli la oili chini ya enjini, haikupatikana. Sampu iliyokuja na enjini ikagonga krosimemba, ule mhimili wa chuma unaopita chini ya enjini, ikakatwa na kuchomelewa upya, ikashuka chini ya krosimemba kama sentimita tatu nne hivi. Sehemu ya kuwekea oili ikapungua na bati likawa ndo kitu cha chini kuliko vyote mbele ya gari.

Mafuta: 4K ilikuwa na pampu ndogo ya enjini inayovuta taratibu kwa ajili ya kabureta. Blacktop inataka presha ya karibu bar 3 na laini ya kurudisha mafuta kwenye tangi. Pampu ya umeme iliwekwa nyuma, sawa, ila mipira iliyotumika ni ile ile ya kabureta na klipu za kukazia mipira ya maji ya nyumbani. Tangi la miaka arobaini halikuoshwa.

Breki zikaachwa kama zilivyo. Mwenye gari aliuliza, akaambiwa breki zinashika, mbona unasimama? Na kweli alikuwa anasimama, kwa mwendo wa 4K.

Miezi ya kwanza barabarani

Siku za mwanzo zilikuwa za harusi. Gari ikilia trotoli nne zikifunguka kwa pamoja watu wanageuka, na mtu aliyezoea 4K akikanyaga pedali ya hii anacheka peke yake. Kwa barabara ya kwenda Malindi, usiku, hakuna foleni, jamaa anasema hajawahi kufurahia gari hivyo, na namuamini.

Halafu ikaja foleni. Kila feri ikichelewa sindano ya joto ilikuwa inapanda, akawa anazima enjini, anawasha kusogea, anazima tena. Kuna jioni alisahau swichi ya feni, na alipokumbuka akaiwasha waya ule mwembamba ukayeyuka, fyuzi haikuwepo ya kuukinga. Sindano ikafika mwisho akiwa katikati ya mistari, mbele lori nyuma matatu. Vijana wa pale wakamsukuma hadi pembeni. Gasketi ya silinda hedi ikaenda, na hedi ya alumini ikapinda, ikapelekwa kukerezwa.

Sampu nayo ilikuwa inasalimiana na ulalo wa feri kila ikipanda. Kwanza mikwaruzo, kisha unyevu, kisha tone moja moja la oili lililokuwa linaacha alama nyumbani kwake kwenye sakafu. Akifunga breki kwa nguvu taa ya oili inawaka kidogo kisha inazima. Taa hiyo ikiwaka kwenye enjini ya namna hii usiseme ni waya, oili inakimbilia mbele na pampu inavuta hewa.

Nilipoitwa nilianza na pua. Petroli ilikuwa inanuka ndani ya gari. Mpira mmoja juu ya enjini, pale unapoingia kwenye bomba la nozeli, ulikuwa umevimba kama kidole kilichochomwa na mwiba, na ukiukunja unaona nyufa. Ulikuwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye bomba la eksozi. Nilimwambia mwenye gari asiiwashe tena hata kuitoa kwenye gereji, tukaivuta.

Ile gonga na suala la karatasi

Kabla hatujaanza kazi kulikuwa na jambo jengine ambalo alikuwa analiona dogo. Wiki kadhaa nyuma alikuwa ameigusa gari ya mbele kwenye foleni nyengine, mwendo mdogo, taa na bampa. Pedali ilishuka kuliko kawaida. Baadaye tuligundua paipu ya breki ilikuwa imepita karibu mno na eksozi mpya ya kutengenezwa, mafuta ya breki yakipata moto pedali inakuwa laini.

Mkaguzi wa bima alipofungua boneti akasoma namba ya enjini, akaangalia logbuku, logbuku inasema 4K. Hakuna aliyewahi kwenda NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, kubadilisha taarifa. Ilibidi mwenye gari alipe yule mwenzake kutoka mfukoni, wakaelewana, na bima ikamwandikia kwamba mabadiliko yasiyotajwa yanaweza kuwaondolea wajibu. Alipoanza kufuatilia kubadilisha enjini rasmi akaulizwa risiti yenye namba ya enjini. Ile ya "enjini 1 Toyota" haikumsaidia kitu. Kumrudia muuzaji na kumbembeleza aandike upya kulichukua muda mrefu kuliko kutengeneza hedi.

Kurudia kazi

Hapa palikuwa na uamuzi wa kweli. Kulikuwa na mtu yuko tayari kuinunua ile Blacktop, na kwa pesa hiyo angeweka 5A-FE kwenye maunti (vishikizi vya enjini) zile zile na giaboksi ile ile. Mimi nilimshauri hivyo. Fundi wa pili pia. Mwenye gari alikataa, akasema akiitoa sasa atakuwa amelipa ada yote ya shule halafu asikae kwenye mtihani. Sawa, gari ni yake.

Ila safari hii tulikubaliana mpangilio: kwanza breki, kisha kupoza, kisha mafuta, kisha waya, na enjini yenyewe isiguswe hadi hivyo vinne viishe. Breki zikapata diski na kalipa kubwa zaidi za mbele, ngoma za nyuma zikafunguliwa zikawekwa viatu vipya na silinda mpya, paipu ikahamishwa mbali na eksozi na eksozi ikawekewa ngao ya bati.

Kupoza ndo kulikula akili. Rediata ikatengenezwa mpya ya alumini, pana zaidi, na bomba la maji likapindwa lipite chini pembeni badala ya juu, na sehemu ya juu kabisa ya mfumo ikawekewa kichupa chenye mfuniko ili hewa ipate pa kutokea. Feni mbili, kila moja na rilei yake na fyuzi yake, zinawashwa na swichi ya joto iliyoko kwenye rediata. Ile swichi ya dashibodi tukaiacha kama akiba. Kisha tukaifanyia mtihani ambao fundi wa kwanza hakuufanya: gari imesimama juani saa saba mchana, boneti imefungwa, enjini inaunguruma, hakuna anayegusa kitu, hadi feni ziwake na kuzima zenyewe mara kadhaa. Mtu akikupa gari ya namna hii asubuhi na mapema baada ya raundi moja ya mtaa, mwambie airudishe mchana.

Tangi lilishushwa. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai. Likaoshwa, likapakwa ndani, na likaongezewa kitangi kidogo cha pembeni karibu na pampu, manake tangi la DX halina kuta ndani za kuzuia mafuta yasikimbie, ukiwa na robo tangi ukakata kona ndefu pampu inavuta hewa. Mipira yote ikawekwa ya presha na klipu zake. Hanesi nilianza upya na sikuokoa hata kipande kimoja cha ile ya zamani, sababu kutafuta kosa kwenye waya zilizounganishwa kwa kubahatisha ni kazi isiyolipwa. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji vilibadilishwa hedi ilipokuwa nje, kazi ambayo ilifaa kufanyika enjini ikiwa bado juu ya tairi.

Matokeo

Gari inavuka Likoni kila siku ya kazi na sindano haipiti katikati. Breki zinamtia nidhamu aliye nyuma yake. Logbuku imebadilishwa, bima inajua. Gia bado zinalia kidogo kwenye difu ya ekseli ya nyuma, ambayo ni ile ndogo ya asili, haikuwahi kuota farasi 165, na mwenye gari ameahidi kutoondoka kwa kuserereka kwenye taa. Tutaona.

Alipopiga hesabu ya kila kitu, enjini yenyewe ilikuwa chini ya robo ya pesa zote. Na karibu nusu ilikuwa ni kulipia kitu kile kile mara ya pili.

Uchambuzi

Nianze na kilichokwenda vizuri, manake kipo. Kuchagua ukoo wa A kwa gari hii kulikuwa sahihi, maunti na giaboksi havikusumbua hata siku moja, na propela shafti ilipelekwa kukatwa na kusawazishwa kwenye mashine badala ya kukisiwa, ndo mana hadi leo haitetemeki. Fundi wa kwanza alijua chuma. Alichofeli ni kuichukulia kazi kama kubadilisha enjini wakati alikuwa anabadilisha gari kutoka kabureta hadi kompyuta, na hapo chuma ni sehemu ndogo.

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanamlaumu yeye. Mimi naona kosa kubwa lilikuwa la mezani kabla spana haijashikwa. Bajeti yote iliwekwa kwenye enjini na kazi ya kuipachika, breki na rediata zikaandikwa "baadaye". Ukishaiwasha na ikalia vile, "baadaye" haifiki, kila mtu anataka kuendesha.

Kosa la pili ni matumizi. Nguvu ya Blacktop iko juu kabisa ya mizunguko, na mtu anayeishi kwenye foleni anaigusa labda Jumapili. Kama angeanza na 5A-FE, angekuwa na gari inayowaka kila asubuhi, spea za kila duka, kompyuta isiyo na mafumbo, na angejenga breki, rediata, laini za mafuta na waya akiwa anaendesha. Halafu siku akipata Blacktop iliyokamilika na karatasi zake, inashuka kwenye maunti zile zile na T50 ile ile. Kutoa maji nyuma na kubana kwa distributa vingebaki, hata 5A-FE inayo hayo, lakini yangetatuliwa kwa enjini ya bei rahisi.

Upande wa karatasi, risiti yenye namba ya enjini ni kitu cha dakika mbili dukani, kabla hujatoa pesa. Baada ya kutoa pesa inakuwa hisani.

Sampu ndo haijaisha. Imechomelewa vizuri zaidi, ina ukuta ndani wa kuzuia oili isikimbie, lakini bado iko chini, na kwenye feri anapanda kwa mshazari huku wafanyakazi wa kivuko wakimpigia kelele anyooshe. Anatafuta sampu ya AE86 na mdomo wake wa kuvutia oili. Mara ya mwisho tumezungumza kuna mtu Nairobi alikuwa nayo, ila bila ule mdomo, na safari hii jamaa amekataa kutuma pesa hadi vipatikane vyote viwili.